Gumba na Kidole cha Shahada: Jinsi Wanagenzi Walivyojifunza Gitaa na Kiswahili, kutoka Katanga hadi Kabatoro

Utangulizi

Historia ya Kiswahili nchini Uganda huelezwa mara nyingi kwa kufuata njia tatu: misafara ya biashara ya karne ya 19, kambi za jeshi na polisi, na maazimio ya serikali. Njia hizo ni za kweli, na mwanafunzi hawezi kuzikwepa. Hata hivyo, iko njia ya nne ambayo haijapewa nafasi ya kutosha katika mihadhara yetu, nayo ni ile ya muziki wa gitaa. Makala haya yanadhamiria kuifuata njia hiyo kwa kuuliza swali dogo: katika miaka ya 1950 na 1960, kijana wa Afrika ya Mashariki ambaye hakuwa na mwalimu, kitabu wala fedha alijifunzaje kupiga gitaa? Tukilijibu swali hilo, tutakuta kwamba tumejibu pia kwa sehemu swali linalotuhusu zaidi sisi walimu wa lugha, yaani namna mtu anavyoweza kujifunza Kiswahili nje ya darasa.

Tumechagua kulitazama jambo hili tukiwa tumesimama mahali pamoja, Katwe-Kabatoro katika Wilaya ya Kasese. Kabatoro haikuwa makao makuu ya muziki wowote, wala hatudai hivyo. Tunaichagua kwa sababu ya mahali ilipo. Upande wa magharibi, baada ya Bwera na Mpondwe, iko Kongo. Upande wa mashariki ilikuwako reli iliyoelekea Kampala, Nairobi na Mombasa. Gitaa la Kiswahili lilizaliwa upande mmoja na likapewa sauti ya redio upande wa pili. Anayesimama Kabatoro yuko katikati.

Chumvi, shaba na mpaka

Kabatoro iko kando ya Ziwa Katwe, ziwa dogo lililo ndani ya shimo la volkano, ambalo maji yake ni ya chumvi. Watu wamevuna chumvi hapo kwa karne nyingi, wakigawana vidimbwi vilivyochimbwa ukingoni mwa ziwa, na chumvi hiyo ikauzwa Toro, Ankole, Bunyoro na ng'ambo ya Ziwa Edward. Utajiri huo ndio uliomfanya Kapteni Lugard ajenge ngome Katwe mwaka 1891, ili kumnyang'anya Mukama Kabalega wa Bunyoro udhibiti wa biashara hiyo. Penye soko la watu wa lugha nyingi pana haja ya lugha ya kuelewana, na wilaya hii ina wasemaji wa Lhukonzo, Rutooro, Runyankore na Rusongora, bila kuwataja wageni.

Zaidi ya nusu karne baadaye likaja jambo la pili, shaba. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na mgodi wa Kilembe, ulio kwenye bonde la milima ya Rwenzori, ukaanza kutoa shaba iliyosafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Uchimbaji uliendelea hadi mapema katika miaka ya 1980. Mgodi huajiri watu kutoka kila pembe. Kijana aliyetoka Kigezi, West Nile, Kenya au Kongo alilala katika nyumba za kampuni pamoja na mwenzake asiyejua lugha ya mama yake. Kiswahili, hata kama hakikuwa fasaha, kilifanya kazi kati yao.

Jambo la tatu ni mpaka. Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Kongo ni ndugu. Lugha zao zinafanana mno, na mto Lhubiriha unaowatenganisha pale Mpondwe huvukwa kila siku ya soko. Upande wa Kasindi, Beni na Butembo Kiswahili ni lugha ya soko, ya kanisa na ya mjini. Kwa hiyo, wakati ambapo katika sehemu nyingine za Uganda Kiswahili kilionekana kuwa lugha ya kutoka mbali, kwa mtu wa Bwera kilikuwa lugha ya jirani.

Gitaa lapata lugha Katanga

Gitaa lilifika Afrika kwa meli. Mabaharia wa Kireno na baadaye mabaharia wa Kiafrika wa pwani ya magharibi walilieneza bandarini, na kutoka huko likaingia bara. Lakini gitaa lililozungumza Kiswahili lilipata umbo lake katika migodi ya Katanga, kusini mashariki mwa Kongo ya Kibelgiji. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi. Kiswahili kikawa lugha ya kazi, kisha kikawa lugha ya watoto waliozaliwa mitaani katika miji ya Élisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, na Jadotville, ambayo sasa ni Likasi.

Ni katika Jadotville, mwaka 1952, ambapo mtafiti Hugh Tracey alimrekodi kijana mmoja aliyekuwa na umri wa miaka 22 hivi, Jean-Bosco Mwenda. Wimbo wake "Masanga" ulitolewa katika sahani za santuri za Gallotone na kusambaa Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini. Jina lake lastahili kuangaliwa na wanafunzi wetu wa historia ya lugha. Mwenda alikuwa wa jamii ya Bayeke, ambao asili yao ni Wanyamwezi waliohamia Katanga katika karne ya 19 chini ya Msiri, mfanyabiashara aliyejenga dola yake Bunkeya na kuuawa Desemba 1891, mwaka ule ule Lugard alipofika Katwe. Wanyamwezi hao walikuwa miongoni mwa watu waliokipeleka Kiswahili magharibi pamoja na misafara. Miaka sitini baadaye, mjukuu wa safari hiyo alikirudisha Kiswahili mashariki kwa nyuzi sita. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Mwenda hakuwa peke yake. Jamaa yake Edouard Masengo na mwanamuziki Losta Abelo nao walipiga na kuimba kwa Kiswahili cha Katanga. Ufundi wao ulikuwa wa aina moja: mtu mmoja, gitaa moja lisilo na umeme, gumba na kidole cha shahada.

Nairobi, santuri na redio

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alialikwa Nairobi, akapiga redioni na katika matangazo ya biashara. Masengo naye aliishi Nairobi kwa muda. Hawakukuta uwanja mtupu. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya aliyetumikia jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia hadi Burma, alikuwa amekwisha kurekodi nyimbo za Kiswahili za gitaa tangu miaka ya 1940. Magharibi mwa Kenya, vijana wa Kiluhya waliokuwa wakipiga litungu waliuhamisha ufundi wa kinanda hicho kwenye gitaa. Aliyejulikana zaidi kati yao ni George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963 akiwa bado kijana. Mtindo wao uliitwa omutibo, na mara nyingi mwenzake mpiga gitaa alishika mdundo kwa kugonga na kukwaruza chupa tupu ya soda yenye mistari.

Katika miaka ya 1960 studio ya Equator ya Nairobi ilikusanya chini ya paa moja wanamuziki wa nchi kadhaa: Fadhili William na Daudi Kabaka wa Kenya, Charles Sonko wa Uganda, Nashil Pichen na Peter Tsotsi kutoka Zambia. Lugha iliyowaunganisha katika nyimbo zao nyingi ilikuwa Kiswahili. Hapo pana jambo la kuzingatia. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilikuwa imekiondoa Kiswahili katika orodha ya lugha zilizotambuliwa shuleni Uganda, kikabaki kwa polisi na jamaa zao. Kumbe katika miaka hiyo hiyo lugha iliyofungiwa mlango wa shule ilikuwa ikiingia dirishani kwa redio na santuri.

Somo la mwanagenzi

Sasa tumfikirie mwanagenzi mwenyewe. Tunayoyaeleza hapa ni desturi zilizokuwa za kawaida katika eneo zima, kutoka migodi ya Katanga hadi vijiji vya Maragoli, na mpiga gitaa yeyote mwenye umri mkubwa ataweza kuyathibitisha.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupata chombo. Gitaa la dukani lilikuwa ghali kwa mtoto wa mkulima au mvuvi. Kwa hiyo wengi walianzia kwenye debe. Debe la mafuta lilikuwa tumbo, kipande cha ubao kilikuwa shingo, na nyuzi zilikuwa waya zilizochambuliwa kutoka breki za baiskeli, au mshipi wa kuvulia samaki. Debe hilo halikuwa na nyuzi sita, na mara nyingi halikuweza kulinganishwa sauti sawasawa. Lakini lilimfundisha mtoto jambo moja la msingi, kwamba uzi ukibanwa karibu na mkono wa kulia sauti hupanda, na ukiachwa mrefu sauti hushuka. Waliobahatika walipata magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika Kusini kwa jina la Gallotone, jina lile lile la santuri za Mwenda. Magitaa hayo yalivuka bahari pia. Mwingereza John Lennon, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa Beatles, alianza kujifunza katika miaka ya 1950 kwa gitaa la Gallotone. Mwanagenzi wa Liverpool na mwanagenzi wa Jadotville waliweza kushika chombo cha kiwanda kimoja.

Hatua ya pili ilikuwa kulinganisha nyuzi. Hapakuwa na kifaa cha kupimia. Mwanagenzi alisikiliza santuri, akatafuta uzi mmoja uafikiane na sauti aliyoisikia, kisha akazipanga nyuzi nyingine kwa kuufuata huo. Kama sauti ya mwimbaji ilikuwa juu kuliko ya kwake, alifunga kipande cha penseli au kijiti juu ya shingo kwa ukanda wa mpira, nyuzi zote zikapanda pamoja. Kijiti hicho kilikuwa na faida kubwa: kilimwezesha kuimba kwa sauti yoyote bila kubadili mahali pa vidole. Alihitaji kujua umbo moja tu la mkono.

Umbo hilo, kwa wapigaji wengi wa mtindo wa Katanga, lilikuwa la sauti ya C. Mkono wa kushoto huwekwa hivi: kidole cha shahada kwenye uzi wa pili kutoka chini, kigawanyo cha kwanza; kidole cha kati kwenye uzi wa nne, kigawanyo cha pili; kidole cha pete kwenye uzi wa tano, kigawanyo cha tatu. Kutoka hapo mwanagenzi hujifunza kuhamia F na G, kisha kurudi nyumbani. Kwa maumbo hayo matatu aliweza kusindikiza nyimbo nyingi alizozisikia redioni. Ncha za vidole huuma kwa wiki kadhaa, ngozi ikaota sugu, na wengi huacha katika kipindi hicho.

Hatua ya tatu ndiyo iliyokuwa mlango halisi. Mkono wa kulia hutumia vidole viwili tu. Gumba hushika nyuzi nene, likitembea kutoka uzi wa tano kwenda wa nne na kurudi, bila kusimama, kama mtu anayetwanga. Kidole cha shahada hudonoa nyuzi nyembamba na kuleta wimbo wenyewe. Ugumu ni kwamba kidole cha shahada hakitakiwi kuingia daima pamoja na gumba. Huingia baina ya mapigo yake. Mwanagenzi akiwaza juu ya kidole, gumba husita. Akiwaza juu ya gumba, kidole hupotea. Tiba iliyojulikana ilikuwa kulipiga gumba peke yake, siku baada ya siku, hadi mkono ufanye kazi hiyo huku mtu akizungumza na wenzake. Ndipo kidole cha shahada kilipoongezwa, sauti moja moja.

Hapa mtoto wa Kikonzo hakuanza mikono mitupu. Marimba ya Wakonzo, endara, hupigwa na watu kadhaa kwa pamoja, kila mmoja akitia mapigo yake katika nafasi zilizoachwa na mwenzake. Filimbi zao za eluma ni vivyo hivyo: kila filimbi ina sauti moja, na wimbo hutokea pale wapulizaji wanapopokezana. Sikio lililokulia katika muziki wa kupokezana linajua tayari kwamba wimbo si mstari mmoja, bali ni mazungumzo ya sehemu zinazoachiana nafasi. Gitaa la vidole viwili lilimtaka mtu mmoja afanye peke yake kazi ya watu wawili.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuimba juu ya hayo yote. Na hapo ndipo lugha ilipoingia.

Kiswahili kilichokuja na nyimbo

Mwanagenzi wa gitaa hakujifunza wimbo bila maneno yake. Alimwiga mwimbaji neno kwa neno, pamoja na pumzi na mkazo, hata pale alipokuwa haelewi maana. Kwanza zilikuja sauti, kisha vipande vya maneno vilivyorudiwa, kisha maana, na mwishoni uwezo wa kubadili. Dalili ya kwamba amefuzu ilikuwa kutia jina la rafiki yake, kijiji chake au msiba wa jirani mahali palipokuwa na jina la Mwenda au la Mukabi. Mtu anayeweza kubadili jina katika sentensi bila kuharibu upatanisho wa kisarufi amekwisha kujifunza sarufi, hata kama hajasikia neno ngeli.

Kiswahili hicho hakikuwa Sanifu. Kiswahili cha Katanga hutumia sana viambishi vya udogo ka- na tu-, ambavyo Kiswahili Sanifu kinaviweka kando na kupendelea ki- na vi-. Kwa mwalimu wa Dar es Salaam au Zanzibar hilo ni kosa la kusahihishwa. Lakini kwa msemaji wa Lhukonzo, ambaye lugha yake ina aka- na otu- za udogo, Kiswahili cha namna hiyo kilisikika kama cha jamaa. Hatusemi kwamba tufundishe viambishi hivyo katika mitihani. Tunasema kwamba mwanafunzi anayetoka Bwera na kuingia darasani kwetu na "katoto" mdomoni hajaja na ujinga. Amekuja na historia ndefu ya Kiswahili cha bara, na mwalimu mwenye hekima ataanza naye hapo alipo.

Hata jina la chombo lina mafunzo yake. Katika Kiswahili Sanifu twasema gitaa hili, magitaa haya, ngeli ya LI-YA. Mitaani husikika pia gitaa hii, gitaa zangu. Kitenzi nacho hubadilika: gitaa hupigwa, hucharazwa, na nyuzi zake hudonolewa. Mwanafunzi akiyakusanya maneno haya kwa wapigaji wenyewe atapata zoezi zuri la msamiati kuliko orodha tuliyonakili kutoka kamusi.

Muhimu zaidi ni maudhui. Kwa Mganda wa kawaida Kiswahili kilibeba mzigo mzito. Kilihusishwa na amri za polisi na, baada ya mwaka 1971, na askari waliotisha raia. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo kutoka mkono huo halikukipendezesha. Nyimbo za gitaa zilikuwa na Kiswahili kingine kabisa: cha mpenzi aliyekataliwa na wazazi, cha mahari, cha rafiki aliyefariki safarini, cha onyo kwa vijana walevi. Mtu aliyekijua Kiswahili kwa kuimba alijua kwamba lugha hii inaweza kulia na kutania. Katika eneo kama Kasese, ambako nyimbo zimekuwa silaha na kumbukumbu tangu vuguvugu la Rwenzururu lilipoanza mwaka 1962, jambo hilo si dogo. Watafiti Peter Cooke na Martin Doornbos walichapisha mwaka 1982 uchunguzi wa nyimbo za upinzani za Rwenzururu, na kazi yao inaonyesha jinsi watu wa milima hii walivyozoea kuihifadhi historia yao katika wimbo.

Yaliyokosekana

Tusiisifu njia hii kupita kiasi. Kwanza, ilikuwa njia ya wavulana. Gitaa lilihusishwa na pombe, uzururaji na uhuni. Wazazi wengi walilichukia na baadhi ya makanisa yalilikemea, na msichana aliyetaka kujifunza alikuwa na mlango mwembamba zaidi. Nusu ya wanafunzi waliowezekana walibaki wasikilizaji.

Pili, sikio nalo hukosea. Maneno yaliyosikika vibaya katika santuri iliyochakaa yalirithishwa yakiwa yamevunjika, na wimbo ukafika kwa mwanagenzi wa tatu ukiwa na silabi zisizo na maana. Ufundi wenyewe pia ulikuwa na siri ambazo usikivu peke yake haukuzifichua. Ndiyo maana makala mbili za David Rycroft, alizozichapisha katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, zina thamani hadi leo. Alikaa na rekodi za Mwenda, akaziandika kwa nota, akaonyesha ni kwa namna gani sauti mbili zinapishana. Naye Mwingereza John Low, mpiga gitaa, alisafiri hadi Shaba mwaka 1979 kujifunza kwa wazee hao wenyewe, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Santuri alikuwa nazo. Alichokifuata ni kule kuketi mbele ya mkono wa mwalimu na kuutazama. Kuiga kunahitaji kusahihishwa, na usahihishaji mzuri hutoka kwa mtu.

Tatu, mnyororo wenyewe ulikatika. Bendi za magitaa ya umeme, hasa rumba ya Kongo yenye mpiga solo, mpiga ridhimu na mpiga besi, ziliigawa upya kwa watu watatu kazi aliyoifanya mtu mmoja, na lugha yake ikawa zaidi Kilingala. Rumba hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021, na inastahili heshima hiyo. Lakini gitaa kavu la Kiswahili, lililotangulia katika migodi na vijiji, halikupata mlezi wa namna hiyo. Mwenda alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990, Fundi Konde mwaka 2000, Masengo mwaka 2003. Treni hazifiki tena Kasese. Wazee waliokuwa vijana wa mgodini mwaka 1956 wamebaki wachache.

Hitimisho: funzo kwa walimu na kazi kwa wanafunzi

Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maana yake ni kwamba maelfu ya wanagenzi wanakuja kwetu, wengi wao wakiwa hawakuchagua kuja. Tukiwapokea kwa jedwali la ngeli siku ya kwanza, watanyamaza, kama mwanagenzi wa gitaa ambaye angelazimishwa kuzikariri nota zote kabla hajaruhusiwa kugusa uzi.

Historia tuliyoieleza inatupa mwongozo wa vitendo. Tuwape wanafunzi kwanza umbo moja wanaloweza kulishika, na sentensi chache zinazotembea bila kusita, kama gumba. Sarufi iongezwe juu ya mwendo huo, jambo moja moja, kama kidole cha shahada. Tuwaruhusu waige kabla ya kuelewa kila kitu, kisha tuwadai wabadilishe: jina, mahali, wakati, nafsi. Tusiyacheke maneno waliyoyaokota mpakani. Na tuwasahihishe tukiwa tumeketi nao, kwa kuwa sikio peke yake halitoshi. Safari hii, wasichana wawe katika duara tangu siku ya kwanza.

Kwa wanafunzi wetu wanaotoka Kasese, Bwera, Mpondwe na Kabatoro tuna ombi moja. Mtakaporudi likizo, watafuteni wazee waliofanya kazi Kilembe, waliovua samaki Katwe au waliovuka mpaka wakiwa na gitaa begani. Waulizeni kwa adabu: Mzee, ulijifunza kwa nani? Wimbo wa kwanza ulikuwa upi? Maneno yake uliyaelewa lini? Rekodini majibu kwa simu zenu kwa ridhaa yao, andikeni tarehe na mahali, na mleteni nakala idarani. Mkikuta gitaa nyumbani mwa mzee, mwombeni alipige, na mtazame gumba lake kwa makini. Hilo ndilo somo ambalo hatuna kitabu chake katika maktaba yetu, na muda wa kulihudhuria si mrefu.